Mgomba Uliokuja Peke Yake

Mgomba ulianguka usiku, mkungu wake ukiwa bado haujakomaa. Hakukuwa na tufani. Ulikuwa upepo wa kawaida unaotangulia mvua za masika, ule ambao katika kibanja chetu huko Muleba huchana majani na kupita zake. Asubuhi nilipofika nililikuta shina limelala zima, halikuvunjika popote, na tunguu limeng'oka likiwa na mizizi ya kuhesabika, kana kwamba muda wote ule mgomba ulikuwa umesimamishwa juu ya udongo bila kuushika.

Ulikuwa wa saba.

Yote saba ilitoka katika miche 40 ya tishu, yaani iliyooteshwa maabara, niliyoinunua kwa akiba yangu na kuipanda upande wa kibanja unaotazama barabara. Migomba iliyotokana na machipukizi ya marehemu bibi, iliyo ng'ambo ya mibuni, ilipigwa na upepo ule ule na haikuanguka hata mmoja.

Bwana shamba alipokuja hakusema neno kwanza. Alichagua mzizi mmoja, akaupasua kwa kisu kufuata urefu wake, akaniwekea kiganjani. Mahali ambapo pangepaswa kuwa peupe palikuwa na mabaka yenye rangi ya damu iliyokauka, mengine yamekwisha kuwa meusi. "Minyoo ya mizizi," alisema, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu hilo nililitarajia. Kisha akaongeza jambo nisilolitarajia: "Miche yako ilikuja ikiwa safi mno."

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na panga mkononi, akauliza: "Bwana shamba, usafi nao umekuwa ugonjwa?"

"Hapana, mzee wangu. Ila ilikuja peke yake."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Nilikuwa nimelipia miche ile bei kubwa kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa safi.

Ndani ya jani zima

Sisi tunaolima tunaijua kuvu kwa madhara yake. Tunaijua kwa kutu ya majani ya kahawa, kwa unga mweupe juu ya maboga, kwa mahindi yaliyovunda ghalani. Mmea wenye kuvu, katika lugha yetu ya shambani, ni mmea mgonjwa, na mmea usio na dalili yoyote tunauhesabu kuwa hauna kitu ndani yake isipokuwa utomvu na nyuzi zake wenyewe.

Hesabu hiyo si sahihi, na namna ilivyogunduliwa kuwa si sahihi imenivutia kuliko nilivyofikiri. Mtafiti huchukua jani zima lisilo na doa. Huliosha, hulichovya katika pombe, kisha katika klorini, kisha katika pombe tena, mpaka kila kilichokuwa juu ya ngozi yake kimekufa. Halafu hulikata vipande vidogo na kuvilaza juu ya chakula cha kuoteshea vimelea, ndani ya kisahani kilichofunikwa. Baada ya siku kadhaa, nyuzi laini nyeupe, za kijivu au za waridi huanza kutoka katika kingo za vipande vile, zikitokea ndani, kwa kuwa nje hapakubaki kitu chenye uhai.

Kuvu hizo huitwa endofiti, yaani viumbe vinavyoishi ndani ya tishu za mmea bila kuonyesha dalili za ugonjwa. Mjerumani Anton de Bary alikwisha kuandika juu ya viumbe vya namna hiyo mwaka 1866, lakini kwa muda mrefu vilichukuliwa kuwa jambo dogo la pembeni. Kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanasayansi walichukua majani 83 yenye afya ya aina mbili za miti katika msitu wa kisiwa cha Barro Colorado, nchini Panama. Walitoa ndani yake kuvu walizozigawa katika maumbo 418 tofauti, na zaidi ya nusu ya maumbo hayo yalionekana mara moja tu. Hakuna jani hata moja lililokutwa tupu.

Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kisha nikatoka nje kuutazama mwembe wa jirani.

Baadhi ya kuvu hizo hurithiwa, zikipita kutoka mmea mama hadi kwenye mbegu, lakini nyingi huingia kutoka nje: mbegu za kuvu huletwa na upepo, matone ya mvua au udongo, na jani changa lililofunguka likiwa karibu tupu hujaa wageni katika muda wa wiki chache. Wanaoingia hawaharibu. Hukaa katikati ya seli, hupokea sukari kidogo, na wengi wao husubiri. Jani linapozeeka na kuanguka, baadhi yao huwa wa kwanza kuliozesha, maana tayari wamo ndani kabla ya viozeshaji vya udongoni kubisha hodi. Bibi alikuwa akiyarudisha majani makavu kuzunguka kila shina, hataki kuona udongo mtupu. Siku hizo nilidhani anatunza unyevu peke yake.

Chupa

Sasa nirudi kwenye miche yangu. Mche wa tishu huanza kama kipande kidogo sana cha kichomozo kilichomo ndani ya tunguu, mahali ambapo mgomba hukua. Kipande hicho husafishwa kwa dawa, huwekwa katika chupa yenye chakula kama jeli, hulazimishwa kuchipua na kugawanywa tena na tena, mpaka kutoka mgomba mmoja kunapatikana mamia. Hakuna fukusi anayeweza kuingia humo, wala minyoo, wala bakteria wa mnyauko. Kwa mkoa kama wetu wa Kagera, ambako wazee wanakumbuka vibanja vilivyodhoofika kwa fukusi na minyoo, na ambako mnyauko wa bakteria uliingia katikati ya miaka ya 2000 na kung'oa mashamba mazima, mche wa namna hiyo ni neema. Nililiamini hilo nilipoununua na ninaliamini bado.

Lakini dawa inayoua adui haimuulizi mtu jina lake. Pamoja na minyoo na fukusi, maabara huondoa karibu kuvu zote ambazo mgomba ungekuwa nazo. Mche hutoka chupani ukiwa na mizizi laini isiyopata kukutana na kiumbe chochote, na ukipandwa katika udongo ambao tayari una minyoo, kama ulivyokuwa udongo wangu, wa kwanza kuingia ndani yake ni yule mwenye njaa zaidi.

Nilifarijika kidogo nilipojua kwamba jambo hili halikuanza kutazamwa kwetu jana. Nchini Uganda, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, na wenzao wa kituo cha utafiti cha Kawanda walitumia miaka mingi kutoa kuvu ndani ya mizizi na matunguu ya migomba yenye afya, kisha kuzirudisha katika miche ya tishu kabla haijapelekwa shambani. Mizizi ya mche huchovywa katika maji yenye mbegu za kuvu, halafu hupandwa. Kuvu walizozitumia zaidi ni za spishi ya *Fusarium oxysporum*, na katika majaribio ya kwenye vyungu miche iliyochovywa ilikutwa mara nyingi ikiwa na minyoo michache kuliko ile isiyochovywa. Wengine walijaribu kuvu aina ya *Beauveria bassiana*, inayojulikana kwa kuua wadudu, wakaona kwamba inaweza kuishi ndani ya mgomba na kuwapunguza mabuu ya fukusi wanaotoboa tunguu.

Jaribio lililonishika zaidi ni lile la kugawanya mizizi. Mche mmoja huwekwa ukiwa umetanda juu ya vyungu viwili, nusu ya mizizi huku na nusu kule. Kuvu hutiwa katika chungu kimoja tu, na minyoo katika kile kingine. Hawakutani kamwe. Hata hivyo minyoo hupungua.

Maana yake ni kwamba kuvu haikumpiga adui kwa mkono wake. Iliuamsha mgomba wenyewe.

Nyasi zilizosafishwa

Nilipofika hapo nilikuwa tayari nimeshawishika, na pengine ningeishia kuandika makala ya kuisifu kuvu. Kilichonizuia ni habari ya nyasi za malisho za Marekani, ambayo naona kila mwenye kupenda mashamba anapaswa kuijua.

Mwaka 1943 wakulima wa huko walipewa nyasi iitwayo feskyu, aina ya Kentucky 31. Ilistahimili ukame, ilistahimili kukanyagwa, wadudu hawakuipenda, ikaenea katika mamilioni ya ekari. Lakini ng'ombe waliokula nyasi hiyo hawakunenepa. Wakati wa joto walihema na kujificha kivulini, maziwa yakapungua, na wengine kwato na ncha za mikia zikaoza katika majira ya baridi. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini nyasi nzuri hivyo inadhuru, mpaka miaka ya 1970 ilipogunduliwa kwamba ndani yake, katikati ya seli, mnaishi kuvu inayorithiwa kupitia mbegu, na kwamba kuvu hiyo hutengeneza sumu.

Dawa ilionekana rahisi: kuotesha nyasi isiyo na kuvu. Ilipatikana, ikauzwa, ng'ombe wakapata nafuu.

Kisha nyasi ikaanza kufa. Ilipokuja miaka ya ukame haikustahimili, wadudu wakaishambulia, na malisho yaliyokuwa yakidumu miaka mingi yakahitaji kupandwa upya. Ile sifa yote ya ugumu ambayo wakulima walidhani ni ya nyasi, sehemu kubwa ilikuwa ya mpangaji wake. Waliokwamua jambo hili hawakurudi kwenye kuvu ya zamani wala hawakubaki na nyasi tupu. Watafiti wa New Zealand walitafuta kwa subira aina za kuvu hiyo hiyo ambazo hazitengenezi sumu inayowadhuru ng'ombe lakini bado huilinda nyasi, wakaziingiza ndani ya nyasi iliyosafishwa.

Naiona picha ya mkulima wa huko akitazama malisho yake safi yakikauka, na ninajua alivyojisikia. Na kama anayesoma hapa anadhani utegemezi huo ni wa nyasi moja tu, katika Hifadhi ya Yellowstone kuna nyasi inayoota kwenye udongo uliopashwa joto na chemchemi za moto, na iliyojaribiwa ikastahimili nyuzi 65. Nyasi ile ikitengwa na kuvu yake, hakuna kati ya hizo mbili inayovuka nyuzi 38. Mwaka 2007 ikaonyeshwa kwamba hata hizo mbili hazitoshi: ndani ya kuvu kuna kirusi, na kirusi kikiondolewa, uwezo wote hupotea, kikirudishwa, hurudi.

Jina moja

Mashaka yangu makubwa yalianza na jina. Nimetaja kwamba kuvu walizozitumia watafiti wa Uganda ni za *Fusarium oxysporum*. Kwa mtu anayelima ndizi, jina hilo linatisha. Ndilo jina la kuvu ya mnyauko wa Panama, iliyoangamiza mashamba ya ndizi aina ya Gros Michel huko Amerika ya Kati na Kusini mpaka biashara yote ya ndizi za kuuza nje ikahamia kwenye aina nyingine, Cavendish. Aina yake mpya, inayoiua hata Cavendish, ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Msumbiji ni jirani yetu.

Je, ndiyo hiyo niingize kibanjani kwa mkono wangu?

Jibu la kwanza nililopata lilinituliza: ndani ya spishi moja mna koo nyingi mno, na zilizo nyingi hazileti ugonjwa wowote, wakati chache hushambulia mmea mmoja maalumu. Kumhukumu mmoja kwa jina la ukoo ni kosa lile lile tunalolifanya kwa watu. Lakini niliendelea kusoma, na nikafika kwenye utafiti wa mwaka 2010 ulioniondolea utulivu huo. Wanasayansi waliiweka kuvu inayoleta ugonjwa kwa minyanya pamoja na nyingine ya spishi hiyo hiyo isiyo na madhara. Kromosomu ndogo, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zikahama kutoka ya kwanza hadi ya pili. Na ile iliyokuwa haina madhara ikapata uwezo wa kuuambukiza mnyanya ugonjwa.

Niliifunga kompyuta usiku ule nikiwa na hisia ya mtu aliyefungulia mgeni mlango na kisha akasikia hatua nyingine nyuma yake.

Hata bila kromosomu kuhama, urafiki huu una masharti. Mahindi yetu, haya tunayoyala kila siku, mara nyingi hubeba ndani yake kuvu aina ya *Fusarium verticillioides*, ambayo huweza kupita kutoka mbegu hadi mche na kuishi humo bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Mmea huo ukisumbuliwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kuvu hiyo huweza kuenea katika punje na kuacha fumonisini, sumu iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 1988, ambayo imehusishwa na saratani ya umio. Mwaka mzuri alikuwa mpangaji mtulivu. Mwaka mbaya ni mtu mwingine.

Tumezoea kusema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama onyo juu ya adui aliyejificha, na sasa ninaisikia vibaya kidogo, kwa sababu nguoni mwa mmea wamo wengi, na huyo anayekula leo huenda ndiye aliyekuwa akilinda jana.

Machipukizi ya bibi

Basi bibi alikuwa sahihi? Ndilo swali baba mdogo alilonitumia kwa simu, na sikumjibu haraka.

Bibi alichagua chipukizi kutoka mgomba uliozaa mkungu mzito mara nyingi, akaling'oa na udongo wake, akalipanda siku hiyo hiyo kabla ya jua kushuka. Nshakara, aina ya migomba iliyosimama hadi leo ng'ambo ya mibuni, zilipita mikononi mwake kwa njia hiyo. Pamoja na chipukizi alihamisha udongo, vipande vya mizizi, na jamii nzima ya viumbe vilivyokuwa vimezoeana na mgomba ule kwa miaka. Kwa maana hiyo, mche wake haukuwahi kuwa peke yake.

Lakini nakumbuka pia kibanja cha jirani yake, mama mmoja aliyepewa machipukizi na ndugu wa mbali kwa njia ile ile ya heshima, yakaja na fukusi ndani ya matunguu, na katika misimu michache shamba lake likawa la kusikitisha kulipita. Mkono uliobeba wema ulibeba na madhara, kwa sababu macho hayatenganishi. Nisingependa mtu asome makala hii kisha aiache miche ya tishu na kurudi kupeana machipukizi bila kuyamenya. Bwana shamba alinisisitizia hilo kwa ukali, na ana haki.

Tena, lazima niwe mwaminifu juu ya migomba yangu saba. Ilianguka mahali palipokuwa na migomba mikongwe niliyoing'oa na kupanda upya katika msimu huo huo, bila kuupumzisha udongo. Minyoo walikuwa wakisubiri. Ningeweza kuichovya mizizi katika kila kuvu njema iliyowahi kutolewa Kawanda na bado nikashindwa, kwani hata majaribio ya watafiti, yaliyopendeza vyunguni, yalipotoka kwenda shambani yalitoa matokeo ya kupanda na kushuka. Shamba si chungu. Lina mvua yake, mbolea yake, na wenyeji wake wa kale wasiompisha mgeni kwa urahisi.

Kwa hiyo neno "peke yake" halielezi kila kitu. Lakini nimelirudia mara nyingi na sioni namna ya kuliacha. Niliponunua miche ile nilidhani nanunua mmea kamili ambao kazi yangu ni kuukinga na kila kitu. Nilichopewa kilikuwa nusu ya kitu, na nusu nyingine ilipaswa kutoka kwenye ardhi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeichosha.

Safu mbili

Mwezi uliopita tulirudi kibanjani na baba mdogo. Pale ilipoanguka migomba saba hatukupanda mgomba. Tumepanda maharage, na bwana shamba ametuambia tuendelee bila migomba hapo ili minyoo wakose makao, nasi tumekubali ingawa inauma kuuona upande wa barabara ukiwa wazi.

Upande wa juu, ambako hapakuwa na migomba tangu utoto wangu, tumechimba safu mbili. Ya kwanza ni miche ya tishu, lakini safari hii tuliikuza kwanza kwenye mifuko yenye mboji iliyoiva vizuri, tukaiacha humo mpaka mizizi ikawa mingi na migumu, ndipo tukaishusha shimoni. Ya pili ni machipukizi ya nshakara za bibi, yaliyomenywa mpaka yakabaki meupe na kuchovywa katika maji ya moto kwa dakika 20 chini ya usimamizi wa bwana shamba, aliyeleta kipimajoto chake mwenyewe. Shina zote tumezitandikia majani makavu yaliyotoka kwenye migomba ya zamani isiyo na ugonjwa.

Baba mdogo aliyatandika kwa utaratibu, akiacha nafasi ndogo kulizunguka kila shina kama alivyofundishwa na mama yake. Alipofika mwisho wa safu ya pili alisimama, akanyoosha mgongo, akaokota jani moja la kijani lililoanguka na kuligeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Humu ndani," akasema, "nao wamo?"

"Wamo, baba."

Akaliweka chini, kwenye shina la mche wa tishu wa safu ya jirani, akaenda kunawa.